Maswali na majibu: Banda la vyakula Sabasaba

Wasindikaji wadogo wa vyakula wanaojiandaa kwa Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, yaani Sabasaba, wameniandikia maswali. Ninajibu manne kwa uzoefu wa miaka niliyosimama bandani mwenyewe katika viwanja vya Barabara ya Kilwa nikiuza achari na pilipili ya kusaga.

Ninatengeneza siagi ya karanga Dodoma. Mwaka jana niliuza makopo mengi Sabasaba, lakini sikurudisha hata gharama za banda. Je, nirudi?

Rudi, dada yangu, ila ubadilishe hesabu. Maonesho huanza mwishoni mwa Juni na kuendelea hadi baada ya tarehe 7 Julai, na kwa muda wote huo mteja wa kopo mojamoja hawezi kukulipia banda, nauli, malazi na posho za wasaidizi. Anayeweza kukulipia ni mwenye duka la jumla au mnunuzi wa hoteli, ambaye mara nyingi hupita asubuhi ya siku ya kazi, kabla umati haujajaa. Utamtambua kwa mikono yake: kabla ya kuuliza bei huligeuza kopo, akasoma viambato, tarehe ya mwisho wa matumizi na namba ya toleo, kisha akakagua kama mfuniko umebana. Nimeshuhudia mara nyingi mtu wa aina hiyo akilirudisha kopo mezani taratibu na kuondoka, kwa sababu kila aliyekuwa bandani alikuwa akitafuta chenji ya elfu kumi. Kwa hiyo mtu mmoja auze, na wewe mwenyewe ubaki huru kuzungumza. Kwa kuwa bidhaa yako ni ya karanga, uwe na majibu ya kipimo cha sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu wa karanga, kwa maana mnunuzi makini atayaulizia. Andika katika daftari jina lake, simu yake, kiasi anachohitaji kwa mwezi na kila ulichomwahidi, kisha umpigie kabla wiki moja haijapita tangu maonesho yafungwe. Mimi hulipima banda kwa daftari hilo kuliko kwa fedha zilizoingia kwenye lipa namba.

Nionjesheje achari bila kuhatarisha afya za watu?

Usiweke bakuli moja la kuchovya, hata kama mna vijiti vya kutosha, kwa sababu mtu akishaonja atataka kuchovya tena kwa kijiti kilekile. Pima kijiko kimoja katika kila kikombe kidogo, funika sinia, na anayegawa asishike fedha. Muwe na maji tiririka na sabuni, na wasaidizi wawe wamepimwa afya. Achari yenye siki na chumvi ya kutosha huvumilia joto la mchana, lakini mtindi, nyama na vyakula vya maziwa vinapaswa kukaa chini ya nyuzijoto 5, au juu ya 60 kama ni vya moto. Mtaje mgeni viambato kabla hajaonja, hasa karanga na maziwa, kwa kuwa wapo wanaodhurika navyo vibaya.

Bidhaa yangu haina alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Nianzie wapi?

Anzia ofisi ya mkoa wako ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, uombe barua ya utambulisho wa mjasiriamali mdogo, na ufanye hivyo miezi kadhaa kabla ya maonesho. Tangu mwaka 2019 usajili wa vyakula uliokuwa chini ya TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, umehamia TBS, hivyo usajili na alama ya ubora, yote mawili utayafuatilia huko.

Mnunuzi aliuliza bei ya katoni mia moja nikakwama. Ningemjibu nini? Tena, nifikirie Dubai?

Ingia bandani ukiwa na karatasi ya bei ya jumla iliyokwisha kuhesabu malighafi, vifungashio, kodi, usafiri hadi mlangoni kwa mnunuzi na faida yako, pamoja na kiasi unachoweza kuzalisha kwa mwezi. Kiasi hicho kitaje kwa ukweli. Mwaka mmoja nilikubali oda ya katoni mia tatu kwa furaha, nikafika nyumbani na kukuta chupa za ukubwa ule hazipatikani sokoni. Nilipeleka themanini kwa kuchelewa, na yule mama mwenye maduka hakuagiza tena. Bado ninaumia nikikumbuka, maana alikuwa ameniamini.

Kuhusu Dubai, maonesho ya vyakula ya Gulfood hufanyika huko kila mwaka, na wanunuzi wake hufikiri kwa makontena. Maonesho mengine ya vyakula, Anuga ya Cologne, Ujerumani, huja kila baada ya miaka miwili. Ukitaka kwenda, iulize kwanza TanTrade, mamlaka ya maendeleo ya biashara, kama inaandaa banda la pamoja la Tanzania, lakini usilipie chochote kabla ya kutimiza oda za hapa nyumbani kwa mwaka mzima bila kukwama.