Wuhan kwa wanaoanza: ujue kwanza uko ng'ambo ipi ya mto

Mwanafunzi mpya hufika Wuhan na barua ya chuo, pasipoti na jina la mji. Jina la mji ndilo litakalomsumbua, kwa sababu Wuhan ni miji mitatu iliyounganishwa. Wuchang iko mashariki ya mto Yangtze, ambao wenyeji huuita Changjiang. Hankou na Hanyang ziko magharibi yake, na baina yao unapita mto Han unaomwaga maji Yangtze papo hapo katikati ya mji. Kwa hiyo usianze kuuliza chuo kiko barabara gani. Uliza kiko ng'ambo ipi, maana ni sawa na mtu wa Magogoni na wa Kigamboni: mnaonana kwa macho, lakini kufikiana ni safari.

Mfano mzuri ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Huazhong. Kampasi yake kuu iko Barabara ya Luoyu namba 1037, upande wa Wuchang. Kitivo chake cha tiba, Tongji, kiko Hankou, Barabara ya Hangkong namba 13. Anayekuja kusomea udaktari akampa dereva jina la chuo peke yake, atashushwa kwenye geti la kampasi kuu na mabegi yake yote, na mto mzima ukiwa kati yake na bweni.

Kwenye fomu mambo huchanganya zaidi. Hankou si wilaya, ingawa kila mtu anaitaja. Eneo lake limegawanywa katika wilaya za Jiang'an, Jianghan na Qiaokou. Wuchang ni jina la ng'ambo nzima na pia ni wilaya mojawapo tu ya ng'ambo hiyo. Majirani zake ni Hongshan na Qingshan, na vyuo vingi viko Hongshan. Jiangxia nayo ni wilaya nyingine, mbali huko kusini. Mtu akiandika Jianghan badala ya Jiang'an, mzigo wake utazunguka. Anwani ya Kichina huanza na kikubwa na kushuka: mkoa, mji, wilaya, barabara, namba, jengo, chumba. Piga picha ya anwani yako ikiwa imeandikwa kwa herufi za Kichina, iwe kwenye simu tangu siku ya kwanza. Matamshi yako yasiwe tegemeo.

Jihadhari pia na jina Donghu. Kuna Ziwa Donghu lenye mbuga ya matembezi, na kuna eneo la viwanda vya teknolojia la Donghu, ambalo watu huliita Guanggu. Ni sehemu mbili tofauti.

Stesheni kubwa za treni ni tatu: Wuhan, Wuchang na Hankou. Tiketi itaonyesha mojawapo, na ndiyo hiyo hiyo, hakuna nyingine itakayokufaa. Kwa herufi ni 武汉, 武昌 na 汉口. Ya Hankou utaijua kwa kile kisanduku kitupu mwishoni. Metro Laini 4 inapita stesheni za Wuhan na Wuchang, Laini 2 inapita ya Hankou na kuendelea hadi uwanja wa ndege wa Tianhe. Kutoka Guanggu hadi uwanjani weka zaidi ya saa moja, kisha ongeza muda wa ukaguzi wa mabegi, maana hata kuingia metro unakaguliwa. Laini 2 na 4 hukutana kwenye vituo viwili vinavyofuatana, Hongshan Guangchang na Zhongnan Lu. Kimoja kinamfaa anayebadili treni akiendelea mbele, kingine anayegeuza uelekeo: unavuka jukwaa tu. Ukikosea kituo, utapanda na kushuka ngazi bure.

Ramani za simu ulizozoea zitakuangusha: nyingine hazifunguki, na zinazofunguka huweza kuonyesha ulipo kwa kukosea mita mia kadhaa. Pakua Gaode au Baidu.

Hankou ina mpangilio rahisi ukishaujua. Barabara kuu zinaufuata mto, na ukitoka majini kwenda ndani unazikuta hivi: Yanjiang, Zhongshan, Jinghan, Jiefang, Jianshe, Fazhan. Jinghan ilikuwa njia ya reli ya zamani ya Beijing. Leo Laini 1 inapita juu yake kwenye nguzo. Ukisimama ukiutazama mto upande wa Hankou, maji yanakwenda kushotoko. Upande wa Wuchang yanakwenda kulia. Dira hiyo haiishi chaji.

Siku ya kwanza ya mapumziko, tembea kwa mpangilio huu. Anzia Wuchang kwenye Jengo Jekundu, Honglou, linalohifadhi kumbukumbu za maasi ya tarehe 10 Oktoba 1911 yaliyoiangusha dola ya Qing. Nyuma yake ni kilima cha Sheshan na mnara wa Huanghelou. Usidanganyike na paa lake la kale: mnara wa mbao uliungua 1884, na huu wa zege wenye lifti ulikamilika 1985, takriban kilomita moja kutoka ulipokuwa ule, kwa sababu pale pa zamani palichukuliwa na daraja. Daraja lenyewe lilifunguliwa 1957, magari juu na treni chini, nalo lina njia ya miguu. Garimoshi likipita utalisikia kwenye nyayo. Lakini usilivuke siku hiyo. Shuka Hubuxiang, uchochoro wa vyakula, ule kitu, kisha nenda gati ya Zhonghualu ukapande kivuko kwa yuan chache hadi Hankou, mbele ya jengo la forodha la 1924 lenye saa. Kuanzia hapo, ukifuata maji yaendako, utapita yaliyokuwa maeneo ya Waingereza, Warusi, Wafaransa, Wajerumani na Wajapani, kwa mfuatano huo. Hanyang iache kwa siku nyingine. Hekalu la Guiyuan linatosha kuijaza asubuhi.

Chakula cha asubuhi ni reganmian, tambi zenye rojo zito la ufuta. Zichanganye mara tu ukipewa, zikipoa zinashikana donge. Doupi huwa na nyama ya nguruwe ndani ya wali wa kunata, ingawa kwa juu huoni ila yai. Mwislamu atafute mgahawa wenye maandishi 清真, yaani halali.

Kuhusu baridi: Wuhan iko kusini ya mstari wa majengo yanayopashwa joto na serikali, kwa hiyo Januari bwenini unaweza kuona baridi kuliko mwenzako wa Beijing. Nunua blanketi la umeme mwezi Novemba, ila soma kwanza kanuni za bweni lako, kwani mengi yanavipiga marufuku vifaa hivyo na kuvichukua.