Kabla ya Kuziamini Namba za Mahali

Kwa kuwa kazi yangu ni kuchora ramani, kila mara hupokea namba za latitudo na longitudo kutoka kwa watu ambao sijapata kuonana nao. Uzoefu umenionyesha kwamba kosa ni nadra kutokana na upimaji wenyewe. Mara nyingi hutokana na jinsi namba zilivyoandikwa.

Msingi wake ni mwepesi. Latitudo hueleza umbali wa mahali kutoka Ikweta, kaskazini au kusini, kuanzia digrii 0 hadi 90 kwenye ncha za Dunia, ilhali longitudo huhesabiwa mashariki au magharibi ya mstari unaopita Greenwich, London, hadi digrii 180. Ikweta imetokana na mzunguko wa Dunia yenyewe, lakini mstari wa Greenwich ni makubaliano ya wanadamu yaliyofikiwa katika mkutano wa Washington mwaka 1884, na Ufaransa iliendelea kufuata saa za Paris hadi mwaka 1911.

Mimi huanza kwa kukagua ni namba ipi iliyotangulia. Kwa desturi latitudo huandikwa kwanza, ila zipo programu za ramani zinazotanguliza longitudo. Namba inayozidi 90 hujifichua mara moja kwamba si latitudo. Hatari iko pale ambapo zote mbili ni ndogo. Ukiandikiwa "50, 10" na latitudo ikiwa ndiyo ya kwanza, uko Ujerumani. Ukizigeuza, unajikuta kaskazini mashariki mwa Somalia, na ramani haitakulalamikia hata kidogo. Alama ya kutoa, inayomaanisha kusini au magharibi, nayo huponyoka kirahisi wakati wa kunakili: Cape Town iko karibu na -33.9, 18.4, na alama hiyo ikidondoka mji mzima unahamia katikati ya Bahari ya Mediterania. Nikiona sifuri mbili ndiyo kabisa siulizi, kwa sababu mahali hapo ni maji matupu ya Ghuba ya Guinea, na karibu kila mara maana yake ni kwamba hakuna aliyejaza chochote.

Kosa linalonisumbua kuliko yote, hata hivyo, ni la dakika. Digrii moja ina dakika 60, na dakika moja ina sekunde 60, kwa hiyo digrii 6 na dakika 30 ni 6.5 kwa desimali, wala si 6.30. Tofauti hiyo ya digrii 0.2 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini digrii moja ya latitudo ni takribani kilomita 111, hivyo aliyeifuata namba hiyo kaskazini au kusini atakuwa amepotea kwa kilomita 22 hivi. Ndiyo maana humwomba anayeniletea namba aandike wazi maneno "digrii", "dakika", "kaskazini" na "mashariki", hata kama anaona namwonea. Tarakimu zilizopita dakika 59 baada ya nukta, kama 6.75, huthibitisha kuwa ni desimali. Zilizo chini yake hazithibitishi lolote.

Usipime umbali kwa kutoa longitudo moja kutoka nyingine. Mistari ya longitudo hukutana kwenye ncha, na kwa hiyo digrii moja ambayo ni kilomita 111 kwenye Ikweta hubaki takribani kilomita 56 ukifika latitudo 60.

Kuhusu wingi wa tarakimu, tano baada ya nukta ya desimali zinatosha, maana ya tano tayari ni kama mita moja. Simu hukosea kwa mita kadhaa, hivyo tarakimu nane ni pambo tu. Isitoshe, mstari wa sifuri unaotumiwa na GPS leo unapita takribani mita 100 mashariki ya ule uliochorwa Greenwich, na mgeni anayesimama juu ya alama hiyo akiwa na simu mkononi hatasomewa sifuri.