Wizi wa barabara huanzia kwenye karatasi: majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Barabara ya kwetu Katuba ilitiwa lami. Mvua zikapiga kidogo, mashimo tele. Mkandarasi ameiba saruji ya kanivo (mfereji wa maji)? (Mama wa Katuba)

Inawezekana, mama, lakini mtafute kwanza aliyesaini mapokezi. Kazi ya serikali hupokelewa mara mbili: mapokezi ya muda, halafu ya mwisho baada ya kipindi cha dhamana. Katikati hapo mkandarasi anapaswa kurekebisha kasoro kwa makuta yake mwenyewe. Kama mashimo yametokea ndani ya kipindi hicho na hakuna aliyemwita, kuna mtu ofisini anayenyamaza kwa sababu yake.

Na mara nyingi pesa imepungua kabla koleo halijagusa udongo. Ndiyo ile "opération retour": sehemu ya malipo inamrudia mkubwa aliyetoa kazi. Kinachobaki hakitoshi changarawe, basi lami inakonda. Ombeni mkataba, msome unene wa lami ulioandikwa na bei yake, kisha mwende na mita barabarani.

Mbona kampuni ni ileile kila mara, bila zabuni? (Fundi, Kampemba)

Sheria ya masoko ya umma (yaani mikataba ya kazi na manunuzi ya serikali) ya tarehe 27 Aprili 2010 inasema zabuni ya wazi ndiyo kanuni. Makubaliano ya ana kwa ana ni ya nadra, tena yanahitaji ruhusa ya DGCMP, idara ya serikali inayokagua masoko hayo. Uliza ruhusa hiyo iko wapi. Angalia pia kama kazi moja imekatwa vipande ili kila kipande kikwepe zabuni: hilo limekatazwa.

Komini yetu inapata kweli pesa ya mgodi? (Kijana wa Ruashi)

Inapata, mdogo wangu, na ni haki yenu. Kanuni ya Migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: 50% serikali kuu, 25% jimbo, 15% komini au sheferi (eneo la chifu) yenye mgodi, 10% mfuko wa vizazi vijavyo. Tena kampuni inatenga angalau 0.3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Kwa hiyo bugumesta (mkuu wa komini) akijenga soko au shule kwa pesa hiyo, hajawapa zawadi. Chukueni ripoti za ITIE, mpango wa kimataifa wa uwazi wa pesa za migodi, ambamo malipo ya makampuni hutangazwa, mlinganishe na bajeti ya komini. Hesabu zisipolingana, swali lenu limeshapatikana.

Na ule mkataba wa Wachina? (Mwalimu mstaafu, komini ya Kenya)

Papa mwalimu, mkataba wa Sicomines (kampuni ya madini ya Wachina na Kongo) wa 2008 uliahidi miundombinu ya dola bilioni 3. Mwezi wa pili 2023, wakaguzi wa IGF (ofisi ya serikali ya ukaguzi wa fedha) walisema ni milioni 822 tu zilizokuwa zimetolewa. Mwaka 2024 mkataba ukarekebishwa, ahadi ikapanda hadi bilioni 7. Miaka 15 ilipita kabla hesabu hiyo haijawekwa mezani, na hilo linaniuma kuliko tarakimu zenyewe.

Nikiuliza, si watanifunga? (Hakutaja komini)

Woga wako naujua, na hauna aibu. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka, peke yake au pamoja na wenzake. Mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi 3, na hakuna anayeruhusiwa kukushitaki kwa kuomba. Lakini usiende peke yako. Andikeni karitie nzima, sahihi nyingi, mkibaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi na tarehe, maana miezi 3 inahesabiwa kutoka hapo.