Mpangaji wa duka halipi, na ada ya wakili inakaribia deni lenyewe

SWALI: Nina jengo dogo la maduka hapa Nakuru nililoachiwa na marehemu mume wangu. Mpangaji mmoja, muuza viatu, hajalipa kodi ya Sh18,000 kwa mwezi, sasa miezi mitatu, na makubaliano yetu yalikuwa ya mdomo tu. Wakili ameniitisha ada inayokaribia deni zima, kabla hata ya VAT ya asilimia 16, na dalali naye atataka chake. Mdogo wangu ananishauri nibadilishe kufuli usiku. Nifanyeje?
Mama mwenye jengo, Nakuru

JIBU: Kufuli liache lilivyo, mama. Upangaji wa duka usio na mkataba wa maandishi unalindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayohusu wenye majengo na wapangaji wa maduka na hoteli, na mpangaji aliyefungiwa nje hukimbilia baraza la mizozo ya kodi za upangaji wa biashara akapata amri ya kufunguliwa, pengine na fidia juu yake. Hapo utakuwa unamlipa wakili kujitetea, si kudai.

Sheria inakupa sababu ya kumwondoa, kwani mpangaji aliyekaa miezi miwili bila kulipa kodi iliyofika muda wake anaweza kupewa notisi. Tatizo huwa ni notisi yenyewe. Ni lazima iandikwe kwa Fomu A, yaani fomu rasmi ya notisi ya mwenye jengo, itaje sababu, impe muda usiopungua miezi miwili tangu aipokee, na imtake ajibu kwa maandishi katika mwezi mmoja kama anakubali au anakataa. Wenye majengo wengi huandika barua ya mistari mitatu kwenye karatasi ya daftari, wakasubiri, wakafika barazani na kuambiwa kwamba barua hiyo si kitu. Wanaanza upya, na ada inaanza upya. Kwa maoni yangu, fedha nyingi hupotelea hapo kuliko kwenye ada za wakili.

Mpangaji asipopeleka shauri barazani kabla ya tarehe iliyo kwenye notisi, notisi inashika. Akilipeleka, notisi inasitishwa hadi uamuzi utolewe, na anayeshindwa anaweza kukata rufaa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hatua hiyo ndiyo ghali hasa, na hata ukishinda, gharama utakazorudishiwa kwa kawaida hazifiki ulichotoa mfukoni.

Kwa hiyo mlipe wakili kwa kazi moja kwanza: kuandaa Fomu A na kuhakikisha imefika mikononi mwa mpangaji, kukiwa na saini yake au shahidi. Mkubaliane ada ya kazi hiyo peke yake, kwa maandishi. Wakati huohuo, mwite huyo muuza viatu mzungumze. Kumsamehe mwezi mmoja ili arudishe ufunguo kwa tarehe iliyoandikwa na kutiwa saini mbele ya mashahidi kutakugharimu Sh18,000, na duka litapata mpangaji mwingine mapema.