Jibu: Tutangaze zabuni ya sanamu ya bustani ya haki, au tungoje?

Habari ndugu. Umesema mfadhili anataka zabuni mwezi huu, na familia za waathirika bado hazijasikilizwa. Ngojeni.

Angalieni kwanza kama wenye historia wameulizwa wanataka kukumbukwa vipi. Tazama mnara wa Mau Mau, wapigania uhuru wa Kenya, pale Uhuru Park, Nairobi, uliozinduliwa Septemba 2015 kwa fedha za Uingereza baada ya makubaliano ya 2013 na wazee walioteswa enzi za ukoloni. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, lakini hawatazamani, ili atakayekamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Siri kama hiyo anaijua aliyeiishi. Kila nikipita pale nasimama.

Kamati yetu ya sanamu ilianza na zabuni. Tukaletewa michoro ya ngumi na minyororo tu. Tukarudi nyuma, wasanii watatu wakakaa na akina mama wa mtaa ndipo wakachora. Tuliwalipa hata rasimu zilizokataliwa, na nyinyi fanyeni hivyo. Mkataba utaje pia nani atalipia matunzo. Sisi tulisahau, msingi ukapasuka, kila mtu akatazama pembeni.

Kibali cha ardhi siwezi kukusemea, kaulizeni kaunti yenu.