Sharubati ya Gesi kwa Wageni wa Sikukuu

Kwetu Mombasa mgeni huwekewa kitu cha kunywa kabla hajaulizwa habari za huko atokako, na kwa joto letu la Februari na Machi huo si ukarimu tu bali ni huruma. Katika nyumba nyingi za hapa pombe haivuki kizingiti, kwa hivyo Idd inapofika, au siku ya posa, au jamaa wa harusi wanapomiminika kutoka Lamu na Malindi, mwenyeji hujiona ana njia mbili tu: kreti za soda za dukani au jagi la sharubati. Mimi kwa miaka mingi nimewapokea wageni kwa njia ya tatu, nayo ni sharubati iliyotiwa gesi nyumbani, yenye harufu ya tunda halisi na mapovu yanayosisimua ulimi, ambayo bibi na mjukuu wake huinywa kwa furaha ileile. Siri yake yote imo katika jambo moja: yaandae matunda mapema, lakini usiyakutanishe na gesi mpaka mgeni awe ameketi.

Sababu ni ya kimaumbile. Gesi iliyomo katika chupa ni kaboni dayoksaidi, ambayo kiwandani hushindiliwa ndani ya maji na kuzuiwa humo na kifuniko. Kifuniko kikifunguliwa gesi huanza kutoroka, na maji yakiwa vuguvugu hutoroka upesi zaidi, kwa kuwa maji yaliyokaribia kuganda huweza kubeba takriban maradufu ya gesi inayobebwa na maji ya nyuzijoto 20. Sebule zetu mchana hufika nyuzijoto 30 bila shida, kwa hivyo chupa ya maji ya gesi iliyokaa frijini kwa saa moja haijapoa. Ilaze humo usiku kucha. Tena vipande vidogo vya nyama ya tunda huyapa mapovu mahali pa kujiunda, ndiyo maana sharubati nzito isiyochujwa hufura ghafla inapotiwa gesi, ikamwagika mezani, kisha ikatulia ikiwa haina uhai wowote.

Nimehudhuria harusi ambayo pipa zima la kinywaji cha namna hii lilichanganywa saa mbili asubuhi, likafunikwa vizuri kwa kawa na kitambaa cheupe, na wageni wakaja kunywa baada ya sala ya adhuhuri. Ladha ya matunda ilikuwapo, lakini gesi ilikuwa imekwisha kabisa, na fedha zilizonunua zile chupa za maji ya gesi zilikuwa zimeyeyuka hewani. Waliotayarisha walikuwa wapishi hodari. Kilichokosekana ni kuyatenga hayo mawili.

Sasa tuje kwenye matunda. Mchanganyiko ninaoutegemea kuliko mingine yote ni wa pasheni, nanasi na tangawizi, kwa sababu pasheni ina ukali na harufu inayoshinda barafu, nanasi huleta utamu wake wa asili, nayo tangawizi huacha joto kooni baada ya ubaridi kupita. Kwa wageni wapatao 15 chukua pasheni 15 zilizokunjamana ngozi, kwa maana zile nyororo zinazong'aa huwa hazijaiva sawasawa, nanasi moja la kiasi, ndimu 4, kipande cha tangawizi mbichi chenye urefu wa kidole, punje 6 za iliki, na sukari gramu 300. Haya yote utayapata kwa mzunguko mmoja pale Marikiti, na kama shughuli ni kubwa ya kutaka matunda ya magunia, basi uvuke daraja la Nyali uende Kongowea alfajiri.

Anza na shira. Tia sukari katika nusu lita ya maji, uiponde tangawizi pamoja na iliki kwenye kinu, uvitumbukize humo, kisha uchemshe kwa dakika 10 na uache sufuria ipoe ikiwa imefunikwa ili harufu isipotee. Nanasi lisage kwa blenda bila kuongeza maji, ulikamue katika kitambaa cha melimeli mpaka makapi yabaki makavu mkononi. Pasheni usiisage hata kidogo, kwa maana mbegu zikivunjika huacha vumbi jeusi na uchungu. Ikwangue kwa kijiko ndani ya chujio na uisukume kwa mgongo wa kijiko hichohicho mpaka mbegu zibaki zimetakata. Mimi huziweka kando mbegu chache zikiwa na utando wake wa manjano, nikatia kijiko kidogo katika kila bilauri, kwa kuwa mapovu huzishika na kuzipandisha juu, yakapasuka, nazo zikazama tena kutafuta mapovu mengine, na watoto huweza kukaa wakizitazama mpaka wakasahau kunywa. Changanya maji ya matunda, ndimu na shira iliyochujwa, uonje, na usishtuke ukiona ni kali na tamu kupita kiasi. Inapaswa kuwa hivyo, kwa maana itakwenda kukutana na maji mara mbili ya wingi wake. Utapata kama lita moja na nusu ya kiini, ambacho kitahitaji lita 3 za maji ya gesi yasiyotiwa sukari.

Usitumie soda tamu ya limau mahali pa maji ya gesi. Najua wengi hufanya hivyo, lakini sukari juu ya sukari hufunika tunda, na mgeni huishia kuionja soda ileile ambayo angeinunua mwenyewe njiani.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba sikukuu zetu hazikai mahali pamoja katika mwaka wa jua. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku 10 au 11, kwa hivyo Idd iliyoangukia msimu wa maembe itauacha msimu huo nyuma baada ya miaka michache. Ndiyo maana si busara kushikilia tunda moja. Maembe yakiwa tele, na hapa pwani hujaa kuanzia mwishoni mwa mwaka, mimi hupendelea ngowe kwa kuwa halina nyuzi nyingi. Hata hivyo embe ni zito, hivyo lipunguze kwa maji ya machungwa na ulichuje mara mbili, la sivyo litatuama chini ya bilauri. Maembe yakiadimika, kimbilia ukwaju, ambao haujui msimu kwa kuwa hukaushwa na kuhifadhiwa. Robo kilo ya ukwaju irowekwe katika lita moja ya maji ya moto kwa nusu saa, ivurugwe kwa mkono mpaka kokwa ziachane na nyama, ichujwe, kisha itiwe sukari na chembe ya chumvi. Ukwaju ukitiwa gesi hupata ukali safi unaokata mafuta ya biriani kuliko kinywaji chochote ninachokijua, na kama ningelazimika kuchagua kimoja cha kukaa karibu na sinia, ningechagua huo.

Barafu nayo yataka uangalifu. Visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvi, na barafu ya maji hayo itaharibu kinywaji chote kimyakimya, basi igandishe kwa maji yaleyale unayoyanywa, yawe ya kuchemsha au ya chupa. Afadhali zaidi, kigandishe kiini chenyewe katika vile visanduku vya barafu, ili kinapoyeyuka kiongeze ladha badala ya kuizimua. Umeme ukiwa wa mashaka, weka chupa za gesi katika beseni la barafu iliyotiwa konzi mbili za chumvi. Maji yake hushuka chini ya nyuzijoto 0 na kupoza chupa upesi.

Wageni wakishaketi, tia barafu katika bilauri, kisha kiini mpaka theluthi, halafu uinamishe bilauri na umimine maji ya gesi taratibu yakiteleza ubavuni. Koroga mara moja tu, kutoka chini kwenda juu. Jani la mnanaa lipige kofi moja viganjani kabla ya kuliweka, litoe harufu bila kuchanika. Wageni wakiwa wengi, mpe kijana mmoja kazi ya kiini na mwingine kazi ya gesi, na kila chupa ifunguliwe pale tu iliyotangulia inapokwisha.

Wazee wengine huniuliza kama mapovu haya hayana unasaba na pombe, na ni swali la haki linalostahili jibu la wazi. Mwaka 1767 Mwingereza Joseph Priestley aliweka chombo cha maji juu ya pipa la bia lililokuwa likichacha mjini Leeds, na gesi iliyopanda ikaingia katika maji. Lakini kilichoingia ni gesi ileile tunayoipumua nje kila dakika, ambayo haina kilevi. Kinachostahili kuogopwa ni hamira. Yapo maelezo mengi ya kutengeneza gesi nyumbani kwa kutia hamira katika maji ya matunda na kuyafungia kwenye chupa siku mbili tatu, na hamira haiwezi kutoa gesi hiyo bila kugeuza sehemu ya sukari kuwa kileo. Kwa wageni wanaojizuia na pombe, njia hiyo iache kabisa.

Kwa mgeni mwenye kisukari, tenga jagi la ndimu, mnanaa na maji ya gesi bila shira wala nanasi, umwambie waziwazi kilichomo, kwa sababu hata tunda lisilotiwa sukari lina sukari yake. Kiini kinachobaki hukaa frijini siku 2 katika chupa safi iliyozibwa, au hugandishwa kwa wageni wa wiki ijayo. Ukikifungua ukakuta kinatoa mapovu ilhali hujakitia gesi, kimeanza kuchacha. Kimwage, na chupa uioshe kwa maji ya moto.