Wasomaji Wanauliza: Arnis ya Ufilipino na Mapigano ya Kweli

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Ninajifunza arnis, sanaa ya mapigano ya Ufilipino, na nimeipenda sana. Lakini kaka yangu, ambaye ni bondia, anasema kwamba kuzungusha fimbo mbili ni ngoma tu, na kwamba siku nitakayovamiwa sitakuwa na fimbo yoyote mkononi. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mazoezi yetu ni sinawali, yaani watu wawili wanagonganisha fimbo zao kwa mpangilio ambao kila mmoja anaujua. Naomba unieleze bila kunificha: sanaa hii inafaa kwa mapigano ya kweli, au ni urithi wa kuonyeshwa jukwaani?

JIBU: Ndugu msomaji, kaka yako ameyahukumu mazoezi aliyoyaona, na katika hayo simlaumu. Sinawali ni zoezi la kuifundisha mikono miwili kufanya kazi kwa pamoja, kuuzoesha mkono dhaifu na kulifundisha jicho kupima umbali. Mwenzako anapojua kwamba pigo lako la tatu litakuja chini upande wa kulia, hapo hakuna pambano, hata kama fimbo zinagongana kwa kasi hadi henzirani inaanza kutoa harufu ya kuungua. Aliyeishia kwenye sinawali amejifunza kuratibu viungo vyake, na bado hajajifunza kupigana.

Kiini cha arnis, ambayo katika visiwa vya Visaya watu wengi huiita eskrima na nje ya Ufilipino mara nyingi huitwa kali, ni kuupiga mkono ulioshika silaha. Wafilipino husema kwamba nyoka aliyeng'olewa meno hana tena la kukutisha. Fikiria hesabu yake. Fimbo ya kawaida ya mazoezi ina urefu wa sentimita 70 hivi. Mtu anayetaka kukupiga nayo kichwani lazima kwanza aulete mkono wake mbele, kwa hiyo vidole vyake na kifundo cha mkono wake huwa karibu nawe kuliko kifua au kichwa chake. Ukibaki katika masafa marefu, yanayoitwa largo mano, ukasogea hatua moja kwa pembeni na kurudi nyuma kidogo, pigo lake hupita hewani na lako huangukia kwenye vifundo vya vidole vyake. Hapo huhitaji nguvu nyingi, kwa sababu vidole vilivyobanwa kati ya fimbo mbili hufunguka vyenyewe. Mtu mfupi au mwepesi anaweza kuifanya kazi hiyo dhidi ya mtu mkubwa, na hii ndiyo sababu ya kwanza inayonifanya niiheshimu sanaa hii.

Tatizo ni kwamba jambo lenye manufaa kuliko yote ndilo gumu kuliko yote kulifanyia mazoezi. Zamani wanafunzi walipigwa mikononi kwelikweli, wakavimba, na wengi wakaacha. Remy Presas, aliyezaliwa mwaka 1936 huko Hinigaran katika jimbo la Negros Occidental, aliliona hilo na akaubadilisha ufundishaji: katika mfumo wake wa Modern Arnis wanafunzi hupiga fimbo ya mwenzao badala ya mkono wake. Akapanga pia mapigo 12 ya msingi kufuata sehemu za mwili, kuanzia pigo la kwanza kwenye upande wa kushoto wa kichwa hadi la 12 utosini. Mabadiliko hayo yaliwarudisha vijana kwenye mazoezi, na Presas alipohamia Marekani katika miaka ya 1970 yaliirahisishia sanaa hii kuenea. Ninamshukuru kwa hilo. Hata hivyo, aliyezoea miaka yote kuigonga fimbo ya mwenzake ataigonga fimbo hiyo hiyo hata siku ambayo mkono uko wazi mbele yake, kwa kuwa mwili hufanya ulichozoeshwa. Basi mwombe mwalimu wako awape muda wa kupigana kwa glavu nene, kofia ya kinga na fimbo zilizofunikwa kwa sponji, mkilenga mikono waziwazi.

Ukitaka kuona mazoezi yaliyokataa kuwa maonyesho, tazama mji wa Cebu. Chama cha Doce Pares kilianzishwa huko tarehe 11 Januari 1932, na miongoni mwa waliotoka humo ni Venancio Bacon, ambaye mwaka 1952 alianzisha klabu ya Balintawak, iliyopewa jina la mtaa iliyokuwamo. Bacon aliamini kwamba fimbo moja inatosha na kwamba pambano huamuliwa katika masafa mafupi. Katika Balintawak watu wawili husimama karibu kiasi kwamba mkono wa kushoto wa kila mmoja unaugusa mkono wa mwenzake. Mkono huo mtupu haukai bure: husukuma, huzuia, huvuta fimbo ya mpinzani chini na kumfungulia mwenye nao njia ya kupiga. Mwalimu hurusha mapigo bila mpangilio, mwanafunzi huyakinga na kujibu, naye mwalimu huongeza kasi kidogo kidogo kadiri anavyomwona ametulia. Wanaofunzwa hivyo husema kwamba wanajenga agak, uwezo wa kulisoma pigo kabla halijakomaa. Uwezo huo hauji kwa kukariri. Huja kwa kushtukizwa mara nyingi na mtu anayejua kukushtukiza bila kukuvunja.

Sasa kuhusu hoja ya kaka yako kwamba hutakuwa na fimbo. Miguu inayojua kutoka nje ya mstari wa pigo hubaki na ujuzi huo hata mikono ikiwa mitupu, na mkono uliozoea kuuzuia mkono wa mtu aliyekaribia bado utaujua. Aidha, mwavuli, bakora, hata gazeti lililokunjwa likakazwa, vyote hushikwa na kurushwa kwa pembe zile zile. Lakini usijidanganye kwamba fimbo imekufundisha masumbwi. Ngumi hurudi haraka kuliko fimbo na hutoka pande mbili, na bondia mzuri atakupiga mara tatu kabla hujaukamata mkono wake. Mwombe kaka yako avae glavu akushambulie kwa ngumi halisi, mwanzoni polepole, na utapata somo ambalo darasa lako la fimbo haliwezi kukupa. Naye mpe fimbo ya sponji akukabili nayo. Ninaamini atalitumia neno ngoma kwa uangalifu zaidi.

SWALI: Mwalimu, katika darasa letu tunafundishwa kumpokonya mtu kisu kwa mikono mitupu. Mwenzangu ananichoma tumboni, ninaudaka mkono, ninausokota, kisu kinaanguka. Inaonekana rahisi. Je, niiamini mbinu hii?

JIBU: Usiiamini. Nasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu hapa mtu anaweza kupoteza maisha akiwa na cheti ukutani.

Mwenzako anachoma mara moja, anaunyoosha mkono, kisha anauacha pale ukusubiri. Mtu mwenye kisu na nia mbaya hachomi mara moja. Hukushika nguo au bega kwa mkono mmoja, na mkono mwingine huenda na kurudi mfululizo, kwa ufupi na kwa kasi, mara nyingi hata kisu chenyewe hukioni. Mkono unaorudi namna hiyo haudakiki kwa vidole viwili na kusokotwa. Jaribuni wenyewe: vaa fulana nyeupe ya zamani, mpe mwenzako kalamu ya wino mzito badala ya kisu cha mbao, mwambie ajitahidi kwa dhati kukuchora kwa muda wa nusu dakika huku akiurudisha mkono kila anapochoma. Kisha vua fulana uihesabu mistari iliyo tumboni, shingoni na ndani ya mikono, uone ni mingapi ungeimudu kama ingekuwa ya chuma.

Mbinu za kupokonya zina mahali pake. Katika fimbo kwa fimbo hutokea kweli, hasa katika masafa mafupi ambapo fimbo ya mpinzani hunasa chini ya kwapa au kwenye mkono wako wa mbele, na mara nyingi hutokea baada ya mkono wake kupigwa na kulegea. Mpangilio ndio huo: kwanza pigo, kisha silaha huanguka. Ukiyageuza, ukatafuta kupokonya kwanza, umeyaweka maisha yako katika bahati.

Dhidi ya kisu, kile ambacho arnis hukufundisha kwa manufaa ni kuuheshimu umbali. Aliyefanya mazoezi ya kisu kwa kisu anajua, kuliko mtu mwingine yeyote, jinsi hatua moja ya mshambulizi inavyotosha kukufikia. Kwa hiyo kimbia ikiwa njia ipo. Ikiwa haipo, weka kitu kati yenu: kiti, mkoba, mlango. Ikiwa una kitu kirefu mkononi, piga mkono ulioshika kisu na uendelee kujitoa. Kudaka mkono ni jambo la mwisho kabisa, umekwisha kubanwa ukutani, na hata hapo lengo ni kuubana mkono huo kwa mikono yako yote miwili dhidi ya mwili wake, huku ukijua kwamba utakatwa.

Tena, mtu asifikiri kwamba kujifunza kisu kunampa ruhusa ya kutembea nacho. Huko huko Ufilipino, sheria ya mwaka 1978 iitwayo Batas Pambansa Namba 6 inakataza kubeba silaha yenye makali nje ya nyumbani, isipokuwa pale inapokuwa kifaa cha kazi halali.

SWALI: Tumesikia kwamba Magellan aliuawa kwa arnis na kwamba askari wa Kifilipino waliitumia katika Vita Kuu ya Pili. Haya ni ya kweli?

JIBU: La kwanza lina uzito mdogo kuliko linavyopewa, na la pili lina uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyofahamu.

Magellan, baharia Mreno aliyeongoza msafara wa Wahispania, aliuawa katika kisiwa cha Mactan tarehe 27 Aprili 1521 akipigana na watu wa chifu Lapulapu. Antonio Pigafetta, aliyekuwapo, ameandika habari za pambano hilo wala hataji mfumo wowote wa mapigano kwa jina. Anachoeleza ni mikuki, mishale, mawe, wingi wa wapiganaji wa kisiwa, na maji yenye kina kifupi yaliyozizuia mashua zisikaribie ufuo. Hayo ndiyo yaliyowashinda Wahispania. Kuna mambo mawili tu katika maelezo yake ambayo mwanafunzi wa arnis atayasoma kwa makini. Wenyeji walipoona kwamba silaha zao haziwezi kupenya vazi la chuma, walielekeza mashambulizi kwenye miguu isiyofunikwa. Na Magellan alipotaka kuuchomoa upanga wake, aliweza kuutoa nusu tu, kwa kuwa mkono wake ulikuwa umekwisha kujeruhiwa kwa mkuki. Baadaye mmoja wao alimkata mguu wa kushoto kwa panga kubwa, akaanguka kifudifudi. Kukiumiza kiungo kilichofikika badala ya kuling'ang'ania vazi la chuma ni busara ya mpiganaji yeyote mwenye uzoefu, na arnis imeijengea ufundi mzima.

Kuhusu Vita Kuu ya Pili, mwaka 1942 Jeshi la Marekani liliunda huko California kikosi cha askari wa miguu wenye asili ya Ufilipino, na bolo, lile panga la kazi la mashambani, lilikuwa miongoni mwa silaha walizozijua vizuri. Leo Giron, aliyezaliwa Pangasinan na baadaye akawa mwalimu maarufu huko Stockton, alipelekwa Luzon kwa nyambizi mwaka 1944, nyuma ya safu za Wajapani, na akapigana msituni kwa bolo dhidi ya watu waliokuwa na bayoneti na panga. Katika mafundisho yake Giron aliyapa masafa marefu thamani kubwa. Sababu yake naielewa vizuri: panga halikupi nafasi ya kubadilishana mapigo kama fimbo, na anayekaribia ili apige mara tano anaweza kukatwa kabla ya la kwanza. Ninyi mnaofanya mazoezi kwa henzirani mkumbuke jambo hilo kila mnapokinga. Kuna mikingo mizuri sana ya fimbo, ambapo kiganja huishika fimbo ya mpinzani, ambayo kwa panga ingekuachia mkono usio na vidole.

SWALI: Ninataka kushiriki mashindano ya arnis. Yatanisaidia au yataniharibu?

JIBU: Yatakusaidia, na ushiriki bila wasiwasi. Sheria Namba 9850 ya mwaka 2009 iliifanya arnis kuwa mchezo na sanaa ya mapigano ya taifa la Ufilipino, na katika Michezo ya Asia ya Kusini Mashariki ya mwaka 2019, iliyofanyika huko huko, ilishindaniwa kwa medali. Ulingoni utakutana na mtu asiyekujua, anayetaka kukushinda mbele ya watu, na hakuna darasa linaloweza kuiga mapigo ya moyo ya dakika ile.

Tahadhari yangu ni vazi la kinga. Mtu aliyefunikwa kuanzia kichwani hadi mapajani hujifunza upesi kwamba mapigo hayamuumizi, basi husimama palepale na kurusha mapigo mengi kuliko mwenzake ili waamuzi wamhesabie, huku naye akipokea mengine mengi kichwani na mikononi bila kujali. Zuia tabia hiyo kwa kutenga siku za mazoezi ambazo mtapigana kwa kanuni tofauti: anayeguswa mkono wenye fimbo anaiachia fimbo papo hapo na kuendelea kwa mkono mwingine, na anayeguswa kichwani ametoka. Pambano litakuwa fupi, lenye kusubiri kwingi na hatua nyingi za miguu, na mtazamaji huenda asilifurahie. Endeleeni nalo hivyo hivyo.